Kumfuata Riziki Kwenye Darubini ya Makete

Mmeniuliza wengi. Kisimani mmeniuliza, msibani mmeniuliza, na juzi kwenye arusi ya jirani mtu kanisimamisha na sahani ya pilau mkononi, wali unapoa, ananihoji: ulifikaje, ulimkutaje, na mbona umerudi peke yako? Nimechoka kusimulia vipande vipande. Nimeandika mara moja. Asiyejua kusoma asomewe, na asiyeridhika aende Makete mwenyewe akaulize.

Elimu yangu ni chuo cha Kurani na darasa la nne, kwa hiyo mwandiko msiucheke.

Kwa asiyemjua, Riziki ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu marehemu. Nimemlea hapa Kiegeani, kisiwani Mafia, tangu hajaanza kutambaa. Akasoma, akaenda bara kusomea kompyuta, akapelekwa Makete kutengeneza kompyuta za shule. Huko akakutana na mwalimu mmoja mstaafu, Mwalimu Sanga, mwenye darubini kubwa ya kupigia picha nyota. Basi ikawa ndiyo kazi, ndiyo mume, ndiyo mtoto. Mwanzo alikuwa anarudi kwa Idi. Kisha hata kwa Idi hakurudi. Akawa ananiletea picha kwenye simu: nyota, nyota, nyota. Nikamwambia, picha nimezichoka, nataka mtu.

Siku moja namlalamikia baridi ya huko itamuua, akanijibu kwenye simu:

"Bibi, mimi sikai nayo nje. Darubini iko kibandani kwake, mimi niko chumbani na kompyuta. Naiambia geuka, inageuka. Naiambia piga picha, inapiga. Hata nikiwa Dar es Salaam naweza kuiendesha."

Nikasema moyoni, umejifunga mwenyewe, mke mwenzangu. Kama Dar inawezekana, Kiegeani kuna nini? Mtandao upo, wavuvi wanatazama mpira wakiwa baharini. Atakaa barazani kwangu, ataivuta darubini yake kwa hiyo kamba isiyoonekana, na jioni tutakula sahani moja. Hoja hiyo sikumtolea kwenye simu. Hoja nzito ukiisema kwenye simu, mtu anakwambia "Bibi, mtandao unakatika," kakukimbia. Nikafunga safari kwenda kumrudisha.

Kilindoni hadi Nyamisati

Bi Mize alinisindikiza mpaka gatini. Mnamjua Bi Mize, mdomo wake haulali.

"Somoe, umri huu unapanda milima kumfuata mtoto wa kike? Mtafutie mume, atarudi mwenyewe."

"Mume gani? Yuko mmoja tu asiyeoa, mwanao, na hata wewe unamficha wageni wakija."

Akacheka, akanishikilia kikapu. Nilikuwa na nazi, pweza mkavu, visheti, na kisutu kipya, kanga ya kujifunika njiani. Mzigo wa pili ulikuwa ile hoja yangu, na huo niliubeba kichwani peke yangu.

Boti ilikwenda vizuri mpaka karibu na Nyamisati, ikasimama. Maji yalikuwa yamekupwa, mlango wa mikoko hauingiliki. Tukakaa juani tunatazama bara kama maskini anavyotazama biriani ya watu. Nikamwita nahodha.

"Bi mkubwa, maji hayaamrishwi," akaniambia.

"Sijayaamrisha. Nimeuliza tu, wakati unang'oa nanga ulikuwa hujui kama yatakupwa?"

Watu wakacheka, yeye akaenda kukagua injini isiyo na ugonjwa. Pembeni yangu palikuwa na mwanamke na mtoto mchanga, mama anatapika na mtoto analia. Nikampa ndimu anuse, nikampakata mtoto. Kichwa chake kilinuka mafuta ya nazi. Ni zamani sijanusa kichwa cha mtoto. Maji yalipojaa na boti ikaingia, mama akamdai mtoto wake, nami nikamrudisha, ingawa mikono ilichelewa kidogo.

Mbezi, alfajiri

Nililala Mbagala kwa watu wetu, nao alfajiri wakanifikisha stendi ya Mbezi. Basi lilisemekana linaondoka mapema. Likaondoka jua likiwa juu ya vichwa vyetu, kwa sababu dereva wa kwanza alikuwa haonekani na wa pili alikuwa anakunywa chai.

Nilikaa na mwanamke wa Tukuyu, mnene, mcheshi, mama wa watu wazima. Akaniambia nimwite Mama Tusa. Tulipofika Chalinze alikuwa anajua habari zangu zote, nami nazijua zake. Nikamjaribishia hoja yangu, maana hoja kama wali, lazima mtu aonje chumvi kabla hujapakua.

"Mjukuu wangu anaendesha darubini kwa kompyuta, akiwa mbali nayo. Sasa kwa nini asiiendeshe akiwa kwangu?"

Mama Tusa akapiga paja. "Hapo hatoki! Mimi wangu yuko Johanesibagi, ananiendesha mimi kwa simu. 'Mama, paka rangi mlango. Mama, uza ng'ombe mwekundu.' Na mimi nageuka, kama hiyo darubini yenu!"

"Na anarudi?"

Akatazama dirishani. "Anatuma salamu," akasema.

Njiani nilikula mayai na ndizi. Nyama za njiani sizijui zimechinjwa na nani, na sikutaka kuuliza kila meza. Mikumi tuliwaona twiga. Abiria wote wakasimama kupiga picha. Mimi nilimtazama mmoja, akanitazama, tukaachana.

Mlima Kitonga

Kitonga ni mlima unaopandwa kwa kuzungushwa, upande huu ukuta wa jiwe, upande ule hakuna kitu. Katikati lori lilikuwa limekufa likaziba njia. Tukashuka. Magari nyuma yetu yakawa mstari usioonekana mwisho wake. Watu wa bara wana subira yao: mara mmoja kawasha moto, mmoja katoa mahindi, tukawa kama tumealikwa.

Nikagawa visheti. Kijana mmoja akauliza hivi ni vya wapi, nikamwambia Mafia. Akasema, "Mafia? Kule kwa majambazi?" Nikamwambia, sisi tulikuwa na jina letu kabla majambazi hao hawajazaliwa, na walirudishe kama hawalitumii vizuri. Alicheka mpaka kisheti kikamkwama.

Lakini nilipokaa pale kwenye jiwe nilianza kuhesabu kwa moyo umbali wa huyu mtoto. Kwenye simu Riziki yupo sikioni. Kumbe sikio linadanganya. Bahari, bonde, mbuga, mlima, na bado hatujafika. Alipita huku kote peke yake, na begi moja, na mimi nilikuwa nyumbani nadhani ameenda hapo tu.

Makambako, Njombe, Makete

Mama Tusa alikuwa anaendelea Mbeya. Makambako ndipo tulipoachana, na alinivua baibui kwa macho, akaona ndani nina gauni la pamba tu.

"Dada, huko unakokwenda maji yanaganda kwenye ndoo." Akavua koti lake la sufi akanivisha kwa nguvu, kama unavyomvisha mtoto mkaidi. Nikakataa. Akasema, "Nyamaza, wewe ni mgonjwa mtarajiwa." Koti hilo ninalo mpaka leo, na namna ya kulirudisha sina.

Njombe nililala, na asubuhi nikala wali kwa maharage yasiyo na nazi. Sisemi kitu. Maharage hayana kosa. Ila wallahi yalikuwa yamekaa sahanini kama watu waliogombana.

Kutoka Njombe barabara inapanda tena. Mashamba ya viazi, miti ya misonobari, ukungu. Watoto wa huko wakikuona wanakwambia "kamwene." Mmoja kaniambia kamwene, nami nikasimama nangoja shikamoo yangu. Akarudia kamwene. Nikamuuliza, shikamoo umeiacha nyumbani? Mtu mzima mmoja akanieleza taratibu kwamba kwao hiyo ndiyo heshima yenyewe. Nikamwita mtoto, nikamwambia marahaba mara mbili, nikampa na kisheti.

Kwa Mwalimu Sanga

Nilifika alasiri. Mwalimu Sanga ni mzee mrefu, mweupe wa nywele, mpole. Akanipokea mzigo, akasema, "Karibu, Bi mkubwa. Mwenyewe amelala. Watu wa nyota mchana ndio usiku wao."

"Mwamshe," nikasema. "Mimi si nyota."

Riziki akatoka amevaa sweta mbili na kofia ya sufi kama mzee wa kiume. Akasimama mlangoni. Sikumwambia nakuja, maana angenizuia. Akaja mbio, akanibusu mkono, "Shikamoo Bibi, shikamoo Bibi," kama amesahau kuwa huwa inasemwa mara moja. Amekonda. Mikono imepasuka kwa baridi. Ananuka moshi wa kuni na si karafuu. Niliingia naye ndani nikampa pweza kabla sijampa salamu za watu.

Mwalimu si Mwislamu, lakini jioni ile aliniletea kuku yu hai, na nyuma yake Mwislamu wa dukani aliyemtafuta sokoni aje kuchinja. Jambo hilo nimelisimulia kwa kila mtu na nitalisimulia tena. Nikapika kwa nazi zangu. Mwalimu alikula, kisha akasema, "Riziki, uliacha chakula hiki ukaja kula viazi vyangu?" Nikamtazama Riziki. Riziki akatazama sahani.

Baada ya magharibi akanipeleka kibandani. Ni nyumba ndogo ya mbao, na paa lake la bati linasukumwa pembeni juu ya reli, likabaki anga tupu. Katikati imesimama darubini, nene kama mzinga wa nyuki, juu ya miguu mitatu ya chuma. Nikaizunguka natafuta pa kuweka jicho. Hakuna.

"Pa kuchungulia pako wapi?"

"Kamera ndiyo imekaa pale pa jicho, Bibi."

"Nimetoka Mafia, nimekaa na maji kupwa, nimekaa Kitonga, nafika hapa nafasi yangu imekaliwa na kamera?"

Akacheka kile kicheko chake cha utotoni. Akanionyesha kijisanduku kilichofungwa kwenye mguu wa chuma, ndicho kompyuta ndogo inayopokea amri, na waya unaokwenda chumbani kwake. Chumbani kuna kompyuta nyingine. Nilidhani nitaona picha za kubonyeza, kumbe upande mmoja wa skrini ni weusi tu na maandishi, naye anaiandikia maneno kama anayemtuma mtoto dukani.

"Hii ni Linux, Bibi, programu inayoendesha kompyuta yenyewe. Haina mwenyewe mmoja. Watu wa nchi nyingi wameitengeneza pamoja, kila mmoja kaleta chake, na ukitaka unaifungua unaona ndani. Inayoongoza darubini ni programu moja, inayoongoza kamera ni nyingine, na zinasemezana."

"Kama shughuli," nikasema. "Kila mwanamke na mwiko wake."

"Hivyo hivyo."

"Na unaiambia tafadhali?"

"Haitaki tafadhali. Ila ukikosea herufi moja, inakununia."

Nikamwambia hiyo nimeshaifahamu, ni mimi mwenyewe.

Akaandika, na huko nje gizani tukasikia mzinga ule unageuka wenyewe, taratibu, kwa sauti ya kusaga. Nywele zilinisimama. Alikuwa anapiga picha ya wingu la mwanga lililoko kwenye kundi la nyota la Nge. Jicho la mtu halilioni. Kamera inalitazama muda mrefu bila kupepesa, picha baada ya picha, usiku baada ya usiku, kisha zinawekwa moja juu ya nyingine mpaka zikawa moja. Zilikuwa zimebaki siku chache tu za giza, maana mwezi ulikuwa karibu kuandama, na ukikua mwangaza wake ungemharibia. Nikaona uso wake unavyong'aa kwa mwanga wa skrini. Nikasema moyoni, hoja yangu nitaitoa asubuhi, akishashiba kazi yake.

Usiku wa kisutu

Nilitoka kutawadha kwa ajili ya isha. Nikapita kibandani. Nikagusa chuma cha darubini: kimelowa. Umande unashuka, na paa liko wazi!

Sasa ninyi wenzangu mnanielewa, tumelima mwani pamoja. Mwani uliokauka ukiulaza nje ukapigwa na umande, kazi yako imekwenda. Kila jioni tunafunika. Riziki alikuwa anafunika na mimi tangu hajafika kiunoni kwangu. Nikaguna: bara limemsahaulisha hata hilo. Sikutaka kumsumbua. Nikachukua kisutu changu kipya, nikaifunika darubini yote, mdomo na tumbo, nikafunga mafundo yetu yale yasiyofunguka kwa upepo. Nikasali, nikalala nikiwa nimeridhika sana na nafsi yangu.

Huko chumbani, picha za Riziki zikawa nyeusi.

Akachungulia dirishani, nyota zimejaa, hakuna wingu. Akaiuliza kompyuta. Ikamjibu kamera nzima, darubini imeelekea panapotakiwa, mota zinageuka, kila kitu sawa. Mchana wa siku ile alikuwa amebadilisha programu fulani za Linux yake, akaweka mpya. Akasema, ndizo hizo zimeniharibia. Akaanza kuzing'oa mojamoja na kurudisha za zamani, anawasha, anazima, anaandika. Hakwenda kibandani. Aende kutafuta nini, na kompyuta imeshamwambia huko salama?

Mimi niliamka kwa adhana ya simu yangu. Riziki alikuwa mlangoni, macho mekundu, kisutu kimelowa chapachapa mkononi.

"Bibi. Hiki ni chako?"

"Ni changu. Uliacha kitu cha thamani kwenye umande."

Akakaa chini sakafuni, akacheka, na katikati ya kicheko akalia. Akanieleza kuwa kioo kimevishwa mkanda wa joto, ndio unaozuia umande. Usiku wake mzima wa giza nimeuvalisha nguo.

Mwalimu Sanga alipoambiwa ilibidi ashike ukuta kwa kucheka. "Bi mkubwa," akasema, "wataalamu wa nchi nyingi wametengeneza programu ya kugundua kila hitilafu. Hiyo ya kanga hawakuifikiria."

Neno nililokwenda nalo

Chai ilipokwisha, Mwalimu akaenda shambani. Nikabaki na Riziki. Kisutu kiko kwenye kamba kinakauka, kinatuchungulia dirishani.

"Nimekuja na neno," nikasema.

"Sema, Bibi."

"Uliniambia kompyuta inaiendesha hata ukiwa Dar."

"Nilisema."

"Basi kama hata Dar..."

Nikaishia hapo. Njia nzima nilikuwa nimelinoa neno hilo, nimemwonjesha Mama Tusa, akasema hapo hatoki. Na hapo ni mimi niliyekuwa sitoki. Alikuwa hatua chache tu kutoka kwenye darubini yake, ukuta mmoja kati yao, na usiku kucha hakujua imefunikwa. Angekuwa Kiegeani je? Angejuaje? Riziki alikuwa ameshaelewa ninakokwenda. Hakunikatiza, wala hakunisaidia. Aliniachia nijishinde mwenyewe, na kwa hilo nilimwona amekuwa mtu mzima.

Nikaacha hoja. Nikauliza swali.

"Unapapenda huku?"

"Ninakukumbuka, Bibi. Ikifika saa ya chakula..."

"Sikuuliza hilo."

Akafuta uso kwa mkono wa sweta. "Ninapapenda."

"Basi kaa."

"Bibi..."

"Nimesema kaa. Usinirudishe kwenye neno langu, nitalibadilisha."

Akaniwekea kichwa mapajani, mtu mzima na kofia yake. Nikaivua, nikamsuka. Nywele alikuwa ameziacha kama kichaka. Nilimsuka polepole kuliko inavyohitajika.

Nilikaa nao mpaka mwezi ukaandama ukaanza kukua. Jioni zile chache zilizobaki, kabla wingu lake halijapotea kwenye mwangaza, nilikuwa nakaa kibandani na koti la Mama Tusa na blanketi mbili. Riziki akiwa chumbani ananipigia: "Bibi, kioo kikoje?" Namulika kwa taa yake nyekundu ndogo. "Kikavu." Anaandika, mzinga unageuka, mimi naupisha. Usiku mmoja akaniuliza nimechoka? Nikamwambia fanya kazi yako, ya kwangu naijua.

Kurudi

Kurudi hakuna masimulizi. Njia ni ile ile ila mtu haitazami. Kitonga tulishuka bila kusimama. Nyamisati maji yalikuwa yamejaa, boti ikatoka kwa wakati, na mara hii ningependa ichelewe.

Bi Mize alikuwa gatini. Akatazama nyuma yangu, akatazama tena, kisha akachukua kikapu. Hakusema kitu mpaka nyumbani, na ninyi mnajua hilo lilimgharimu kiasi gani.

Siku hizi Riziki ananipigia baada ya magharibi, kabla hajaanza kazi. Kule kwao mvua zimeanza, siku nyingi anga limefunga, paa limefungwa. Hanitumii picha tena. Ananiuliza, "Bibi, huko kukoje?" Natoka uani, naegemea ukuta, namtazamia. Namwambia ile nyota nyekundu imekaa juu ya mnazi wa kina Bi Mize. Namwambia upande wa kisiwa cha Juani kuna wingu dogo lakini litapita. Ananiuliza na ule mkanda mweupe wa nyota, unaonekana? Namwambia unaonekana, umepita juu ya paa letu moja kwa moja. Anasema "eeh." Halafu tunakaa hivyo, simu iko hewani, hakuna anayekata.